Nilivyompa Sultani utu kwa mahojiano

Kikundi chetu cha mieleka ya maonyesho hapa Mombasa ni kidogo, mali yetu magodoro na kamba, na mtunzi wa visa ni mimi. Mhusika wetu mkubwa ni Sultani: joho la kumetameta la kitambaa cha Biashara Street, uso umepakwa rangi ya dhahabu, na maringo ya kuudhi. Watu walimpenda kwa kumcheka. Akipigwa wanacheka, akishinda wanacheka. Vichekesho ni vizuri, ila mtu haji mara ya pili kumtazama asiyemjali.

Nikakumbuka mieleka ya Marekani ya 1997. Mwanamieleka Mick Foley aliigiza mhusika Mankind, kichaa wa barakoa ya ngozi. Mtangazaji Jim Ross akamketisha, akamhoji taratibu kuhusu ujana wake. Foley akasimulia alivyojirekodi akiruka kutoka paa la nyumba ya rafikiye, akiota kuwa Dude Love, kipenzi cha wanawake. Julai mwaka huo Dude Love akatokea ulingoni kweli. Goldust naye, yule wa rangi ya dhahabu na nywele za bandia, ambaye ni Dustin Runnels, mwana wa mwanamieleka mashuhuri Dusty Rhodes, akahojiwa kuhusu babake. Kwa Foley kilichonivutia ni kwamba barakoa ilibaki usoni. Ukimvua mtu vazi lake, unamhoji mtu mwingine.

Kijana anayecheza Sultani huuza mitumba Kongowea. Nikamkalisha chumbani kwangu na joho lake na rangi yake, simu nimeiegemeza kwenye ndoo. Nilimpa masharti mawili: asiongope, na asiiache sauti ya Sultani.

Maswali niliyafanya madogo. Mtu wa Pwani ukimuuliza ana machungu gani, atakwambia alhamdulillahi, maneno yaishe hapo. Nikamuuliza, “Sultani, joho hili nani kakushonea?”

Akaanza na mafundi saba wa kasri. Mimi kimya. (Wahoji wengi hawawezi hili, wanaogopa kimya kuliko deni.) Akashika pindo, akawa anachomoa uzi uliolegea.

“Mamangu. Kwa cherehani ya kuazima. Lakini haji kunitazama, asema ataona haya mbele ya majirani.” Kisha akainua kidevu: “Ila mshono wake, ami, hata Zanzibar hawana!”

Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nikilitafuta. Kilio tulikuwa nacho pia, baadaye kidogo, nikakikata chote. Sultani akishakuwa wa kuhurumiwa tu, maringo yake yamekufa, na tiketi ziko kwenye maringo.

Nikayagawa mahojiano vipande vifupi, nikavisambaza kwa WhatsApp kimoja kimoja kabla ya onyesho. Kwenye kisa nikaongeza jambo moja: mpinzani alivamie joho.

Sultani alipoingia walicheka kama kawaida. Mpinzani aliposhika pindo kutaka kulichana, akina mama wa mstari wa mbele wakasimama.

“Wacha hilo! Kashona mamake!”

Mmoja alivua kiatu. Ilibidi refa, ambaye kazi yake kwetu huwa ni kuhesabu tu, aende kumtuliza.

Sasa mpinzani naye anataka ahojiwe, eti ana mengi moyoni. Najua anayo. Nimemkatalia: lazima abaki mmoja wa kutupiwa viatu.