Kutenga bakteria kabla ya kumpa jina

Anayeleta mkojo au usaha maabara ili uoteshwe huambiwa arudi baada ya siku mbili au tatu, na wengi hapa Tanga hulipokea jambo hilo kwa mashaka, kwa sababu wamezoea kipimo cha haraka cha malaria ambacho jibu lake hutoka mgonjwa akiwa bado amekaa kwenye benchi. Bibi mmoja wa Pongwe, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliniuliza, “Mwanangu, huo mkojo mnaulea?” Nikamjibu, “Ndiyo, bibi, tunaulea.” Sikuwa namtania. Sehemu kubwa ya muda huo hutumika kumtenga bakteria mmoja na wenzake na kumkuza peke yake, na kazi hiyo ikifanywa ovyo, vipimo vyote vinavyofuata huwa ni kubahatisha, hata kama vitendanishi vyake vilinunuliwa kwa bei ghali.

Sampuli yenyewe huja na mambo yake. Mkojo wa katikati uliokingwa vizuri unatakiwa kuoteshwa ndani ya saa mbili, au uwekwe kwenye jokofu la nyuzijoto 4 usizidi saa 24. E. coli akipata lishe na joto linalomfaa huweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, na joto la mchana la mji wetu, hasa kuanzia Januari hadi Machi, halimbani hata kidogo. Kopo lililozunguka na bodaboda tangu asubuhi na kutufikia adhuhuri laweza kuonyesha maambukizi makubwa kwa mtu aliyekuwa na bakteria wachache tu wa ngozi. Kwa maoni yangu, sehemu ya malalamiko ya “UTI sugu” yanayosikika mitaani huanzia kwenye kopo la namna hiyo.

Tunawaotesha bakteria juu ya kitu kigumu kwa sababu ndani ya supu wote huchanganyika na hakuna wa kuwatenganisha. Robert Koch, mtaalamu wa bakteria wa Ujerumani, alianza kwa vipande vya viazi vilivyochemshwa, kisha akatumia jelatini, lakini jelatini huyeyuka kwenye joto ambalo bakteria wengi wa binadamu hulipenda. Huku kwetu ingeyeyuka mezani kabla hata haijaingizwa kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea. Mwaka 1881 Fanny Hesse, ambaye mumewe Walther alikuwa akifanya kazi na Koch, alipendekeza agari aliyoizoea jikoni kwa kugandishia jeli. Agari huganda ikiwa karibu na nyuzijoto 40, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ikaribie 85, na bakteria wengi hawana uwezo wa kuila. Agari hutokana na mwani, na kwa kuwa akina mama wa pwani yetu hulima mwani, wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo huniuliza kwa nini tunainunua kutoka nje. Jawabu ni kwamba mwani unaolimwa huku, spinosamu na kotonii, hutoa karajini, kigandishi cha aina nyingine, ilhali agari hupatikana katika jamii nyingine za mwani, hasa Gelidium na Gracilaria.

Unga wa agari na virutubisho huchanganywa na maji, ukapikwa kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wenye mgandamizo, kwa nyuzijoto 121 kwa dakika 15, ukaachwa upoe hadi kati ya 45 na 50, ndipo ukamiminwa kwenye visahani vyenye vifuniko ambavyo Julius Richard Petri alivieleza mwaka 1887. Kama ni agari ya damu, damu hutiwa wakati huo huo, kwa maana ikitiwa mapema itaiva. Damu inayofaa ni ya kondoo, iliyokingwa katika chupa yenye shanga za kioo na kutikiswa ili isigande. Damu ya binadamu iliyopita muda wake katika benki ya damu ni rahisi kuipata, lakini ina sitrati ya kuizuia isigande, kingamwili na pengine mabaki ya dawa, na yote hayo yanaweza kuwazuia bakteria wasiote. Kwetu pwani kuna adha nyingine ambayo vitabu vilivyoandikwa nchi za baridi huigusa kwa juu juu tu, nayo ni unyevu. Kisahani kilichofunikwa kingali na moto hutoa matone chini ya kifuniko, na tone moja likidondoka juu ya agari husambaza bakteria na kuharibu kazi yote. Kwa hiyo visahani hukaushwa kabla ya kutumika, na huwekwa kwenye inkubeta vikiwa vimepinduliwa, agari juu na kifuniko chini.

Kuchora kisahani ni kazi ya mkono, na mkono haudanganyi. Sampuli hupakwa kwenye kona moja ya agari. Kitanzi cha waya huunguzwa kwenye moto hadi kiwe chekundu, kikaachwa kipoe, kwani kitanzi cha moto kikigusa agari hulia “chss” na kuwaua wale unaowatafuta. Kikishapoa hupitishwa mara chache ukingoni mwa ile sehemu ya kwanza, kikivutwa kwenda sehemu ya pili. Kisha huunguzwa tena, hupozwa, na kutoka sehemu ya pili huvutwa mistari kwenda ya tatu, na hivyo hivyo hadi ya nne, ambako mistari hutanuliwa na hairuhusiwi kurudi kuigusa sehemu ya kwanza. Kila hatua huacha bakteria wengi nyuma na kuchukua wachache, mpaka mwisho wa mstari wanadondoka mmoja mmoja. Baada ya saa 18 hadi 24 katika nyuzijoto 35 hadi 37, kila aliyedondoka peke yake atakuwa amezaa koloni, yaani kundi la wazao wake, inayoonekana kwa macho. Asiye na subira huruka kule kuunguza kitanzi kati ya sehemu na sehemu, na asubuhi hukuta zulia badala ya koloni.

Kwa mkojo tunatumia pia kitanzi chenye kipimo. Kikiwa cha mikrolita 1, kila koloni huhesabiwa kuwa bakteria 1,000 katika mililita moja, na koloni 100 humaanisha 100,000, kiwango ambacho kwa miaka mingi kimetumika kama dalili ya maambukizi ya kweli. Zikiota aina tatu au zaidi bila hata moja kuwazidi wenzake, mara nyingi hiyo ni sampuli iliyochafuka, na ni afadhali kuomba nyingine kuliko kumtungia mgonjwa ugonjwa.

Koloni zenyewe huanza kujieleza. Kwenye agari ya MacConkey, wanaochachusha laktosi kama E. coli huota wakiwa waridi, na Klebsiella huwa na ute unaong’aa. Proteus hachachushi laktosi, na kwenye agari ya damu husambaa kama wimbi hadi akafunika kila kitu, ndiyo maana mkojo huoteshwa pia kwenye agari ya CLED, inayomzuia asitembee. Lakini hapa pana mtego. MacConkey ina chumvi za nyongo na rangi inayowazuia jamii ya Staphylococcus na Enterococcus wasiote, haiwaui wote. Koloni ya waridi inayoonekana safi yaweza kuwa imewakalia wengine walio hai, wanaongoja tu chakula kizuri. Ukiichukua moja kwa moja na kuitia kwenye mirija ya vipimo, wale waliofichama nao huota, na jibu linakuwa la viumbe wawili. Kwa hiyo koloni huchorwa upya kwenye agari isiyobagua, na siku nyingine hupita. Hiyo ndiyo siku ambayo bibi wa Pongwe alikuwa akiilalamikia, nami siko tayari kuipunguza.

Akishakuwa peke yake, kumtambua huenda haraka. Rangi za Hans Christian Gram, aliyeieleza njia yake mwaka 1884, huwagawa katika zambarau na waridi, na hadubini huonyesha kama ni duara au fimbo. Kwa wale wa duara wa zambarau hufuata kipimo cha katalasi, kimeng’enya kinachovunja peroksaidi: koloni kidogo huwekwa kwenye tone la hidrojeni peroksaidi, na Staphylococcus hutoa mapovu ilhali Streptococcus hatoi. Koloni ikiwa imetoka kwenye agari ya damu ichukuliwe juu juu, kwa maana chembe nyekundu za damu nazo zina katalasi na zitatoa mapovu yao. Staphylococcus aureus hutofautishwa na wengi wa jamaa zake kwa kugandisha plazma. Kwa fimbo za waridi hutangulia kipimo cha oksidesi, kimeng’enya kingine, ambacho kwa bakteria aliye nacho hugeuza rangi kuwa zambarau ndani ya sekunde 10. Hapo tunatumia kijiti cha mbao, kwa kuwa waya wa nikromu unaweza kuigeuza rangi wenyewe. Baadaye huja mirija ya sukari, indoli, sitrati na yurea, ya kuona bakteria anatumia nini na anatoa nini, ambayo husomwa kesho yake.

Kipindupindu kina njia yake, na mkoa wenye bandari hauna ruhusa ya kuisahau. Kinyesi hutiwa kwanza kwenye maji ya peptoni yenye uchungu wa magadi, pH ya 8.6 hivi, ambamo Vibrio cholerae huwatangulia wengine kuota. Baada ya saa 6 hadi 8 tone huchukuliwa usoni pa maji, kabla wengine hawajapata muda wa kumzidi, na kuchorwa kwenye agari ya TCBS. Huota akiwa wa njano, kwa kuwa huchachusha sukrosi. Hata yeye haaminiki hapo hapo: kipimo cha oksidesi na cha mgando kwa antisera ya O1, yaani kingamwili zinazomshika Vibrio wa kundi la O1, hufanywa kutoka agari isiyobagua.

Maabara kubwa siku hizi zina mashine zinazomtambua bakteria kwa protini zake ndani ya dakika chache, na nyingine husoma jeni zake. Nazifurahia, ila kwa kazi ya kila siku mashine ya protini nayo hulishwa koloni, na ikilishwa mchanganyiko hutoa jibu lisiloeleweka.

Kisha huja kipimo cha dawa, cha kuona ni dawa ipi inamzuia bakteria huyo, ambacho ndicho hasa daktari anachokisubiri. Bakteria hutiwa kwenye maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na McFarland 0.5, kipimo sanifu cha ukungu, hupakwa juu ya agari ya Mueller-Hinton yenye unene wa milimita 4, na karatasi ndogo za mviringo zenye dawa huwekwa juu yake. Asubuhi kipenyo cha eneo lililobaki tupu hupimwa kwa rula na kulinganishwa na jedwali, huku E. coli wa rejea, ATCC 25922, ambaye majibu yake yanajulikana, akipimwa sambamba ili kujua kama karatasi zenyewe hazijaharibiwa na unyevu. Zikionekana koloni ndogo ndogo zimeota ndani ya duara tupu, jibu halitolewi. Huchukuliwa zile koloni, zikachorwa upya kwenye kisahani kipya, na kupimwa tena, kwa maana huenda ni kizazi sugu cha bakteria yule yule, au huenda ni mgeni ambaye hakuwahi kutengwa.