Nani ana ruhusa ya kubadilisha salio? Kiini cha programu za objekti kwa mwandishi wa kila siku

Katika usaili wa kazi za kuandika programu hapa Dar es Salaam, swali ambalo mwombaji hulitarajia kuliko mengine ni lile la kutaja nguzo nne za uandishi wa programu kwa objekti, yaani vipande vya programu vinavyobeba data pamoja na kazi zinazoigusa data hiyo. Mwombaji hutaja kuficha data, kurithi (klasi, yaani kielelezo cha kuumbia objekti, kuchukua yaliyomo katika klasi nyingine), wingi wa maumbo (objekti tofauti kuitikia ombi lilelile kila moja kwa namna yake) na udhahania (kuonyesha kinachoweza kuombwa na kuficha jinsi kinavyofanyika), hutoa mfano wa klasi ya mnyama inayorithiwa na mbwa na paka, na usaili husonga mbele. Sina ugomvi na swali lenyewe. Hata hivyo, naamini kwa dhati kwamba kuzipanga nguzo hizo kana kwamba zina uzito sawa kumewafanya wengi wetu tusilione jambo lililo kiini, nalo ni kwamba objekti ipo ili kanuni fulani ya kazi ipate mahali pamoja pa kukaa, na mahali hapo pawe na uwezo wa kumkatalia yeyote anayetaka kuivunja. Mengine yote ama hutokana na hilo ama hulitumikia.

Nitatumia mfano wa mfumo ambao wengi wetu tumewahi kuombwa kuuandika kwa sura moja au nyingine, yaani mfumo wa duka la jumla la Kariakoo linalokopesha wateja wake. Kila mteja ana deni, na deni hilo lina kanuni zake. Haliruhusiwi kuvuka kikomo alichowekewa mteja. Malipo hayawezi kuzidi kiasi kinachodaiwa. Na muamala wa simu wenye namba moja ya kumbukumbu hauhesabiwi mara mbili, hata kama taarifa yake imeletwa mara mbili na seva ya mtoa huduma, jambo linaloweza kutokea pale mawasiliano yanapokatika kabla seva hiyo haijapata jibu. Katika programu iliyoandikwa bila kuyafikiria hayo, salio la deni ni namba tu iliyoachwa wazi, na mstari kama `deni.salio = deni.salio - 50000` unaweza kukutwa kwenye ukurasa wa keshia, kwenye sehemu inayopokea taarifa za malipo ya simu, kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi, na kwenye faili la marekebisho lililoandikwa na mtu ambaye ameshaacha kazi. Kila mojawapo ya sehemu hizo inalazimika kuzikumbuka kanuni zote tatu, na inatosha moja tu isahau kanuni moja ili hesabu za mwenye duka zisilingane na daftari lake.

Ukiandika klasi ya Deni ipasavyo, mstari ule haupo tena popote nje ya klasi hiyo. Mahali pake panakuwa na ombi, yaani `deni.pokea_malipo(50000, kumbukumbu)`, na ndani ya methodi hiyo, yaani kazi iliyopewa jina ndani ya klasi, ndimo kiasi kinamokaguliwa, namba ya kumbukumbu inamolinganishwa na zile zilizokwisha kupokelewa, na salio linamopunguzwa au ombi linamokataliwa kwa sababu inayoeleweka. Wakala wa fedha za simu hamruhusu mteja aingize mkono kwenye droo yake, hata kama kiasi anachokitaka mteja ni haki yake kabisa. Mteja hutamka anachohitaji, wakala hukagua, kisha ama hutoa ama hukataa. Objekti nzuri hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba kuficha data si suala la usiri. Msimbo wote, yaani maandishi ya programu, unaweza kusomwa na kila mtu ofisini bila madhara yoyote, kwa kuwa kinachozuiwa ni kubadilisha hali ya kitu bila kupita kwa mwenye jukumu la kuilinda.

Hapa ndipo ninapoona udhaifu mkubwa katika msimbo mwingi unaojiita wa kiobjekti. Mwandishi hufunga kila sifa, yaani kila data inayoshikwa na objekti, kwa neno la kuizuia isiguswe, kisha huiagiza programu yake ya kuhariri msimbo imtengenezee methodi ya kusoma na methodi ya kuweka kwa kila sifa, ikiwemo `weka_salio`. Kwa macho, klasi imefungwa. Kwa vitendo, yeyote aweza kuweka salio lolote wakati wowote, na zile kanuni tatu zimebaki zimetawanyika kama mwanzo. Methodi za objekti zinapaswa kutajwa kwa shughuli za kazi yenyewe: kukopa, kupokea malipo, kusamehe deni, kuongeza kikomo. Mwenye duka akisoma orodha ya methodi hizo na kuitambua biashara yake, ujue klasi iko kwenye njia sahihi.

Asili ya fikra hizi inasaidia kueleza kwa nini kiini chake kipo hapo. Katika miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wakiwa katika kituo cha ukokotoaji cha Norwei mjini Oslo, walitengeneza lugha ya programu ya Simula kwa ajili ya kuigiza kwa kompyuta mifumo yenye foleni na vitu vingi vinavyotenda kwa wakati mmoja. Anayetaka kuigiza foleni ya pantoni pale Kivukoni ataelewa haraka haja waliyokuwa nayo, kwa sababu kila gari lina muda wake wa kufika na safari yake, kila pantoni ina nafasi yake na hali yake, na haiwezekani kuvieleza vyote hivyo kwa orodha ndefu ya namba zilizolundikwa pamoja bila kupotea. Simula 67 ilileta klasi, objekti na urithi katika sura tunayoitambua hadi leo, na wavumbuzi wake walipewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya fani ya kompyuta, ya mwaka 2001. Alan Kay, aliyekuwa amesomea hisabati na biolojia, aliongoza kazi ya lugha ya Smalltalk katika maabara ya Xerox huko California kuanzia miaka ya 1970, akiziwazia objekti kama seli hai zinazowasiliana kwa kupelekeana ujumbe tu, na baadaye alieleza waziwazi kwamba kwake jambo kubwa ni ujumbe huo na wala si klasi. Mwaka 1972 mtaalamu wa uhandisi wa programu David Parnas, bila hata kuzungumzia objekti, alionyesha kwamba programu igawanywe kwa namna ambayo kila sehemu inaficha uamuzi mmoja unaoweza kubadilika. Ukiziweka kazi hizo pamoja, utaona kwamba swali la nani anaruhusiwa kugusa nini lilikuwepo tangu mwanzo.

Udhahania hauhitaji maneno mengi baada ya hayo, kwa kuwa ukishaamua kwamba watu wa nje wanajua tu kile wanachoweza kuomba, umeshautekeleza.

Wingi wa maumbo una thamani kubwa zaidi, na mazingira yetu ya malipo yanaufundisha vizuri. Duka letu linapokea M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, Mixx by Yas, benki na fedha taslimu. Njia rahisi ya kuanza ni kuandika masharti: ikiwa ni hii fanya hivi, ikiwa ni ile fanya vile. Masharti hayo huanzia sehemu ya kuomba malipo, yakanakiliwa kwenye sehemu ya kuhakiki, yakaonekana tena kwenye risiti, kwenye ripoti na kwenye ukokotoaji wa ada. Mwaka 2024, kampuni ya Tigo ilipobadilisha jina na kuwa Yas, Tigo Pesa nayo ikawa Mixx by Yas. Programu iliyokuwa imelitawanya jina la zamani katika masharti ya kila faili ilikuwa na kazi ya kulisaka kila mahali, ilhali programu iliyokuwa na klasi moja kwa kila njia ya malipo, zote zikitimiza kiolesura kimoja, yaani orodha moja ya maombi ambayo kila klasi imeahidi kuyatimiza, chenye methodi za kuomba, kuhakiki na kukokotoa ada, ilihitaji kuguswa mahali pamoja. Sehemu nyingine za mfumo husema tu `njia.omba_malipo(kiasi)` na hazina sababu ya kujua ni njia ipi. Njia mpya ya malipo ikiingia sokoni kesho, unaongeza klasi mpya na kuisajili, bila kufungua msimbo wa risiti uliokwisha kuaminika.

Sasa niseme kuhusu kurithi, maana hapa ndipo ninapotofautiana na mafundisho mengi. Urithi hufundishwa mapema na kwa shauku kwa sababu ni rahisi kuuchora ubaoni, na wanafunzi hutoka wakiamini kwamba kubuni mfumo ni kuchora mti wa ukoo wa klasi. Turudi dukani. Mwandishi huona kuna wateja wa rejareja na wateja wa jumla, naye huandika klasi ya Mteja, kisha MtejaWaRejareja na MtejaWaJumla zinazoirithi. Inapendeza mpaka siku mama aliyekuwa akinunua kidogo kidogo kwa ajili ya genge lake anapokuza biashara na kuanza kununua kwa jumla. Katika lugha ya programu ya Java, objekti iliyokwisha kuumbwa haiwezi kubadilishwa klasi yake, kwa hiyo italazimu kuumba objekti nyingine, kuhamisha deni lake, historia yake na kikomo chake, na kuhakikisha hakuna sehemu ya programu iliyobaki imeishikilia ile ya zamani. Baadaye mwenye duka anasema wateja wengine hulipa taslimu na wengine hukopa, na kwamba wa mikoani wana utaratibu tofauti na wa Dar es Salaam. Tofauti tatu zenye pande mbilimbili zinadai klasi nane, na tofauti ya nne itazifanya kumi na sita.

Kosa lipo katika kuchukua hali inayoweza kubadilika na kuifanya kuwa nasaba. Mteja ni mteja. Kinachobadilika ni mpango wa bei anaotumia, masharti ya mkopo aliyopewa na utaratibu wa kumfikishia mzigo. Vitu hivyo viwe objekti zinazojitegemea, na objekti ya Mteja izishike kama sifa zake. Mama wa genge akikua, unambadilishia mpango wa bei na kila kingine kinabaki kilivyo. Ushauri wa kupendelea kuunganisha objekti kuliko kurithi klasi uliandikwa waziwazi mwaka 1994 na Erich Gamma na wenzake watatu katika kitabu chao cha usanifu wa programu, na lugha ya Go iliyotangazwa mwaka 2009 haina kabisa urithi wa klasi, lakini bado nakutana na mifumo mipya yenye ngazi tano za urithi, ambamo kuelewa methodi moja kunadai kufungua faili baada ya faili kutafuta ni babu yupi aliyeiandika.

Urithi unapotumika, kipimo chake kilitolewa na mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov, aliyekizungumzia mwaka 1987 na kukifafanua kwa kina pamoja na Jeannette Wing mwaka 1994. Kwa maneno ya kawaida, popote panapotegemewa klasi mzazi, klasi mtoto iweze kukaa bila kuvunja matarajio ya aliyeitegemea. Ikiwa klasi ya NjiaYaMalipo inaahidi kwamba malipo yoyote yanaweza kurejeshwa kwa mteja kupitia mfumo, kisha klasi ya fedha taslimu ikairithi na kurusha hitilafu kila inapoombwa kurejesha, basi urithi huo ni wa uongo hata kama kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo, imeukubali. Usuluhishi wake ni kuitoa ahadi ya kurejesha kutoka kwa mzazi na kuiweka katika kiolesura chake chenyewe, kitakachotimizwa na njia zile tu zinazoweza.

Kuna mpaka wa haya yote ambao haufai kufichwa. Klasi ya Deni hulinda kanuni ndani ya programu moja inayokimbia. Seva mbili zikisoma salio lilelile kutoka kwenye hifadhidata kwa wakati mmoja, kila moja itakuwa na objekti yake yenye imani kwamba iko sahihi, na malipo mawili yanaweza kuandikwa kana kwamba ni moja. Ulinzi wa hapo ni wa hifadhidata yenyewe, kwa kuufunga mstari wa deni hilo kwenye jedwali wakati wa muamala na kuweka sharti kwamba namba ya kumbukumbu haijirudii. Vilevile, programu fupi inayosoma faili la mauzo ya siku na kutoa jumla haihitaji klasi yoyote, kwa sababu haina hali ya kulindwa; funksheni mbili tatu zinatosha.

Kwa aliye na mfumo mkongwe ambao hawezi kuuandika upya, ninashauri aanze na namba moja tu, ile inayoleta malalamiko mengi zaidi, ambayo mara nyingi huwa ni salio au idadi ya bidhaa ghalani. Atafute kila mstari unaoibadilisha, aandike kando sababu ya kila badiliko, na kila sababu aigeuze kuwa methodi yenye jina la shughuli hiyo. Ahamishe sehemu moja baada ya nyingine, akiandika majaribio kwa kila kanuni anayoigundua, kwa kuwa nyingi kati ya kanuni hizo hazikuwahi kuandikwa popote. Mwisho aifunge sifa yenyewe. Katika lugha za Java na PHP, kufunga huko kutamfichulia mistari iliyosahaulika, Java wakati wa kukompaili na PHP wakati msimbo unapokimbia. Katika lugha ya Python, ambako mstari wa chini (`_`) mwanzoni mwa jina ni makubaliano tu baina ya waandishi, itambidi alibadilishe jina la sifa hiyo, kisha alitafute lile la zamani katika mafaili yote hadi lisionekane tena.