Kata

Watu wakitutaja sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, hupenda kusema tuna moyo mgumu. Volkano imetuunguza, vita vimetupitia, na bado asubuhi chukudu, zile skuta zetu za mbao, zinateremka kutoka Kibumba na viazi na makabichi, akina mama wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wako njiani na mabeseni yao. Ni kweli. Ila sifa hiyo imeanza kunichosha, kwa sababu inasifu kuvumilia peke yake. Kuvumilia nilifundishwa mapema. Kuamua sikufundishwa na mtu, na nimekuja kuona kwamba kunataka nguvu nyingine kabisa.

Siku hizi namfikiria sana mama. Tarehe 17 Januari 2002, volkano yetu Nyiragongo ilipopasuka ubavuni na moto ukaingia katikati ya mji, mimi nilikuwa mtoto wa kubebeshwa sufuria. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, ndani ya umati ambao sijapata kuuona tena. Lava ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikala kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaenda mpaka ziwani. Nyumbani hadithi hiyo huishia hapo: tulikimbia, Mungu akatuokoa, tukarudi. Mimi hukumbuka zaidi kilichofuata. Mawe yalikuwa bado yanatoa mvuke wajomba walipokaa kikao. Kiwanja kimezikwa, wakasema. Tungoje serikali. Tungoje misaada. Au turudi kijijini Masisi. Mama aliwasikiliza wote mpaka mwisho, hakujibu. Kesho yake aliazima nyundo kwa jirani, akaketi juu ya mahali alipokadiria kuwa ndipo kwetu, akaanza kuvunja mawe. Alipanga ukuta wa kufika magotini, bila saruji, ili apitaye ajue hapa pana mwenyewe. Nyumba ya mbao ilikuja baadaye sana.

Majuzi nilimwuliza: mama, ulijuaje kwamba ni pale?

"Sikujua, mutoto wangu. Nilichoka kuuliza watu."

Jibu hilo nimetembea nalo. Maana mimi nilikuwa mtu wa kuuliza. Vita vilipoingia mjini mwisho wa Januari 2025, mabenki yalifunga milango na akiba yangu ndogo ikabaki ndani. Bosi wa ateliye nilikokuwa nashona alihamisha mashini zake, akatuambia tungoje, mambo yatatulia. Niliuliza dada zangu, niliuliza mchungaji, niliuliza hata wateja. Kila mtu alisema ngoja. Ilipofika zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, nilinunua mashini ya kukanyaga kwa mguu, ya mtumba, isiyodai umeme, nikakodi kibanda cha mbao upande wa Majengo.

Mteja wangu wa kwanza alileta kikwembe cha yadi sita, cha kuvaa siku ya mahari ya binti yake. Kilikuwa na ndege wakubwa wa rangi ya machungwa. Kitambaa cha namna hiyo hakisamehe: ndege lazima wasimame wima, mmoja aangukie katikati ya kifua, na pale mshono wa pembeni unapokutana wasikatwe vichwa. Nilikitandaza, nikapima, nikachora kwa chaki. Nikapima tena. Kisha nikasimama na mkasi mkononi, nikagundua kwamba nilikuwa nasubiri. Kule ateliye, bosi alikuwa akija, anatazama mistari, anasema "kata", ndipo tunakata. Sasa hakuna wa kuja.

Nikajiuliza kitu ambacho sikuwahi kujiuliza: katika miaka ile yote, ni mara ngapi alisogeza chaki yangu? Mwanzoni, ndiyo, alikuwa akifuta mstari mzima na kunichorea upya. Lakini baadaye? Nilitafuta kichwani, sikuikuta hata mara moja. Kwa muda mrefu mistari ilikuwa yangu. Yeye alikuwa akiongeza neno tu juu ya kazi iliyokwisha. Basi nikalisema mwenyewe, kwa sauti, peke yangu ndani ya kibanda: kata. Nikakata. Tumbo lilikuwa linanisokota, vidole vimetulia.

Ndiyo maana siyapendi sana mahubiri ya jiamini-tu-utaweza, yanayosambaa kwenye simu zetu. Fundi wa wiki mbili hana haki ya kukata yadi sita za mama wa watu kwa imani. Nguvu ninayoizungumzia ilikuwa imekusanyika mikononi bila mimi kuiona, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa bosi. Kilichobaki ilikuwa kuihesabu kuwa yangu.

Wala haimaanishi kutosikiliza mtu. Mwaka 2021, mlima ulipolipuka tena jioni ya tarehe 22 Mei, lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, na wengi walisema imekwisha. Siku chache baadaye, amri ya kuhama mitaa kadhaa ilipotolewa, tulifunga vitu usiku huo huo tukaelekea Sake kwa miguu. Mama huyu huyu wa nyundo ndiye aliyetangulia mbele. Ardhi ilikuwa inatetemeka kila saa, na wanaoupima mlima walikuwa wanajua tusichokijua. Hakuona aibu kuwafuata. Na bila wanawake wa likelemba, nisingekuwa na mashini. Mtu hasimami peke yake hapa. Lakini hata katikati ya wengi kuna pahali ambapo mkono unaoshika mkasi ni wako tu.

Wiki hii bosi amenitumia ujumbe. Anafungua tena, ananiita, na mshahara ni mzuri kuliko wa zamani. Ni mtu mwema, kazi yote nimeijua kwake, na sitaacha kumshukuru. Nilisoma ujumbe ule mara kadhaa, nikatazama daftari langu la oda, nikamjibu kwa heshima kwamba nabaki kwangu. Mama nilimwambia baada ya kutuma. Aliniuliza kodi ya kibanda inalipwa lini. Nikamwambia mwisho wa mwezi, na hela yake ipo.