Siye 260

Mwezi wa kumi na moja hapa Hamburg jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na Jumapili maduka yanafungwa. Ukiharibikiwa na kitu siku hiyo, vumilia mpaka Jumatatu. Mimi niliharibikiwa Jumapili, na kwa mkono wangu mwenyewe.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, mtumba wa ofisini, prosesa i5 ya kizazi cha 8. Ilikuwa na Windows 10 na diski ya zamani ya kuzunguka, TB 1. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikaachwa kuhudumiwa, na mimi nikaingiwa na hofu kama kila mtu. Baadaye ndipo nikasoma kwamba sisi tulioko nchi za Umoja wa Ulaya tumeongezewa mwaka mzima wa masasisho ya usalama bila malipo, mpaka Oktoba 2026. Ningejua mapema ningelala usingizi wangu. Lakini kulikuwa na sababu ya pili: ile diski ya zamani ilianza kugonga. Tik, tik, kimya, tik. Kama mjusi wa ukutani. Na ndani yake kuna picha zote za marehemu mama, kuanzia zile za harusi ya dada yangu hadi za mwisho pale hospitali ya Bombo, Tanga.

Basi nikanunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 500. Jumamosi nilitoka zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikala wali wa jana, nikafungua boksi. SSD nikaichomeka pembeni ya diski ya zamani. Nikaingia BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine, kuwasha kifaa cha usalama kiitwacho TPM, maana Windows 11 bila hiyo haikukubali. Nikachomeka flashi yenye Windows 11, nikaipiga kwenye SSD. Saa saba usiku kila kitu kilikuwa kinapepea; mashine iliyokuwa inachukua muda wa kuchemsha chai kuwaka, sasa inawaka kabla hujavuta kiti. Nikakaa mpaka alfajiri nikiweka printa, programu za kazi, na ile ya darasa la Kijerumani, kwa sababu Jumatatu jioni nilikuwa na kipindi cha ngazi ya B2 ya lugha hiyo mtandaoni, na bila B2 cheti changu cha uuguzi hapa ni karatasi tu.

Jumapili mchana nikaamua kuipumzisha diski inayogonga. Nikafungua skrubu nne, nikaichomoa, nikaifunga kwenye kanga, nikaiweka kabatini. Nikafunika mashine. Nikabonyeza swichi.

Kioo cheusi. Mstari mmoja mweupe wa Kiingereza ukisema hakuna kifaa cha kuwashia, ingiza diski ubonyeze kitufe chochote.

Nilibonyeza vitufe vyote. Nikakagua nyaya, nikachomoa RAM nikairudisha, nikaipuliza kama tulivyokuwa tukipuliza kaseti. Nikaingia BIOS: SSD inaonekana, jina lake na ukubwa wake, haina tatizo. Lakini kwenye orodha ya vitu vya kuwashia hakuna kitu. Nikafungua video kwenye simu, jamaa mmoja anaongea haraka sana, anasema zima UEFI, ile njia mpya ya kuwashia mashine, washa ile hali ya zamani inayoitwa Legacy. Nikafanya. Maandishi yakabadilika, yakawa mengine, nami nikadhani nimepiga hatua. Kumbe ni mgonjwa aliyehamishwa wodi tu.

Hapa niseme ukweli kidogo. Nina binamu Tanga, binti wa shangazi yangu, ana duka la steshenari Ngamiani. Anatoa fotokopi, anajaza fomu za watu za mtandaoni, na anapiga Windows mashine za wanafunzi. Nilijua toka dakika ya kwanza kwamba ndiye wa kumuuliza. Sikumuuliza kwa saa mbili. Kule nyumbani mimi ndiye wa Ulaya, mimi ndiye ninayeulizwa simu gani nzuri, na yeye ndiye niliyekuwa namtumia ada. Saa mbili hizo ni za kiburi, hazina jina lingine.

Kufika saa moja usiku, kwao saa tatu, nikakipiga picha kioo nikamtumia. Akajibu kwa sauti.

"Shikamoo kaka. Umechomoa nini?"

Nikamwandikia: nani kakwambia nimechomoa kitu?

"Marahaba huijui siku hizi? Picha yako ina bisibisi mezani na kuna nafasi tupu ndani ya boksi. Umechomoa nini?"

Nikamweleza. Akacheka kile kicheko cha binamu, ambacho hakina adabu na hakitakiwi kuwa nayo. Kisha akaniambia nirudishe kwanza nilivyovikuta: UEFI iwashwe, Legacy izimwe. Halafu nichomeke ile diski ya zamani, nibonyeze swichi, nimwambie nimeona nini.

Windows 11 ikawaka. Palepale. Nikaanza kumtumia vikaragosi vya kucheza ngoma.

"Usishangilie. Izime kabla ya diski kufa. Sasa nisikilize. Umejenga nyumba kiwanja kipya, mlango umeuacha kwenye nyumba ya zamani."

Alivyonieleza ndivyo ninavyowaeleza. Mashine za siku hizi zenye UEFI hazitafuti Windows. Zinatafuta kipande kidogo cha diski, kimeandaliwa kwa mpangilio wa FAT32, kinaitwa EFI, na humo ndimo yanamokaa mafaili ya kuanzishia. Mafaili hayo ndiyo yanayojua Windows yenyewe iko wapi. Nilipopiga Windows nikiwa nimeacha diski mbili ndani, ile programu ya kusakinisha ilikuta kipande cha EFI tayari kipo kwenye diski ya zamani, ikaona cha nini kutengeneza kingine, ikaweka mafaili humo. Windows yote ikaenda SSD. Zikiwa pamoja hujui kitu. Ukichomoa ya zamani umeondoka na mlango.

"Wanafunzi wananiletea hizo kila siku," akasema. "Dawa ni moja: ukipiga Windows, acha diski moja tu ndani."

Kwa hiyo alitaka niifungie diski ya zamani nje, nipige Windows upya kwenye SSD. Nusu saa, mambo yameisha. Nikakataa. Nilikuwa nimekesha kuweka programu, na ile ya printa pekee ilinila saa nzima.

"Umerithi ukaidi wa mjomba," akasema, maana baba yangu ndiye mjomba wake. "Haya. Tutatoboa mlango. Ulipowasha mara ya kwanza hukuombwa namba ndefu, tarakimu 48?"

Sikuombwa. Akasema hiyo ni bahati, kwa sababu Windows 11 ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, mashine nyingi hujifunga zenyewe kwa BitLocker, kufuli la diski, na bila zile tarakimu hata kuchungulia ndani huwezi. Kama yako imejifunga, namba iko kwenye akaunti yako. Ifungue kwa simu uiandike kwenye daftari leo, siyo siku ya msiba.

Diski ya zamani ikarudi kwenye kanga. Nikawasha kwa flashi ileile. Ukurasa wa kuchagua lugha ulipotokea akanitaka nibonyeze Shift na F10 pamoja. Likafunguka dirisha jeusi la kuandikia amri. Nikaandika diskpart, programu ya kugawa diski, kisha list disk. Zikaja mbili, SSD na flashi. Hapo ndipo akaniwekea breki: angalia ukubwa kabla ya kuchagua, maana dirisha hili halikuulizi mara mbili. Ile ya GB 465 ndiyo SSD, hizo 500 za kwenye boksi kompyuta inazihesabu kivyake. Nikaichagua, nikaandika list partition. Kulikuwa na kipande cha MB 16, na kipande kikubwa cha Windows. Hakuna EFI. Alikuwa amesema kweli bila kuiona.

Nikakichagua kile kipande kikubwa. Amri iliyofuata ilikuwa ya kukipunguza kwa MB 500 ili ipatikane nafasi: shrink desired=500. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kibodi yangu ni ya Kijerumani. Alama ya sawasawa iko juu ya sifuri, Shift na 0. Nabonyeza, inatoka mabano. Nabonyeza tena, mabano. Nikamwandikia binamu kwamba sasa hata kibodi imekufa.

Ikaja sauti, anacheka mpaka anakohoa.

"Kaka. Ile laptopu uliyonitumia 2019 unaikumbuka?"

Naikumbuka. Nilimnunulia kwenye soko la mitumba hapahapa, ina vitufe vya Ö na Ä na ß. Alilalamika wakati ule, anaandika barua za wateja zinatoka ajabu ajabu; mimi nikamwambia ashukuru, laptopu ni laptopu. Alichofanya ni kuiweka katika mpangilio wa Kimarekani na kukariri kila kitufe kwa kidole, bila kuangalia kilichochorwa juu yake. Miaka mitatu aliandika hivyo. Na mimi nilipotengeneza flashi nilichagua Kiingereza cha Marekani, kwa hiyo dirisha jeusi lilikuwa linasoma kibodi yangu ya Kijerumani kana kwamba ni ya Kimarekani.

"Sawasawa ni kitufe cha kulia kwa ß. Mkwaju (/) ni kitufe cha kistari, kile cha chini karibu na Shift. Nukta mbili ni Shift na Ö. Mkwaju wa kuegemea nyuma (\) ni kile chenye alama ya reli, jirani na Enta. Usiangalie vitufe, angalia kioo."

Diski ikapunguzwa. Halafu kimya. Bando lake lilikuwa limekata, na mimi nimekaa mbele ya diski niliyokwisha kuipasua, nusu operesheni, sijui amri inayofuata. Robo tatu saa. Nikamnunulia bando kwa simu kutoka huku, nikamsubiri arudi hewani, nikasikiliza hita inavyonguruma na jirani wa juu akitembeza viti.

Aliporudi akanipa: create partition efi size=260. Nikaandika nikiangalia vitufe, mazoea hayana dawa, nikabonyeza Enta. Ikakataa. Nikapiga picha, nikamtumia.

Kwenye kibodi ya Kijerumani Z imekaa pale ambapo Wamarekani wana Y. Nilichokuwa nimeandika ni create partition efi siye=260.

"Siye!" akapiga kelele. Nasikia na shangazi nyuma anauliza kuna nini. "Kaka, umeifundisha kompyuta Kitanga! Siye mia mbili na sitini! Haimjui siye wala nyiye, iandikie size!"

Basi nikabonyeza Y ili nipate Z, na ikakubali. Zilizobaki zilikuwa nyepesi: format quick fs=fat32, assign letter=s, halafu list volume ili kuona Windows imepewa herufi gani, kwa sababu ndani ya dirisha hilo herufi hubadilika. Yangu ilikuwa D wala siyo C. Nikatoka diskpart kwa exit, nikaandika amri yenyewe ya kuweka mlango, herufi moja moja kama ninayetia sindano kwa mtoto: bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI. Ikajibu kwamba mafaili ya kuanzishia yametengenezwa.

Nikachomoa flashi. Nikabonyeza swichi. Saa nne kasoro usiku, kwao inakaribia saa sita, Windows ikawaka peke yake, diski ya zamani ikiwa kabatini ndani ya kanga.

Jumatatu nilihudhuria B2 yangu. Jumanne nikaenda kununua waya wa kuunganishia diski ya zamani kwa USB, nikachukua wa bei rahisi, nikarudi nao siku ya pili. Waya huo ni wa diski ndogo za laptopu. Hizi kubwa za inchi 3.5 zinataka umeme wake pembeni, lazima uwe na adapta. Nikabadilishiwa. Nikazihamisha picha za mama kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, nakala moja kwenye SSD na moja kwenye diski ya nje. Iligonga muda wote, tik, tik, lakini ilizitoa zote.

Jioni ile binamu akaniletea ankara kwa WhatsApp, kaiandika kwa mhuri wa duka kabisa. Kupiga Windows, elfu kumi na tano. Kutoboa mlango, elfu kumi. Ukaidi wa mjomba, elfu ishirini. Nikamtumia laki moja, nikamwandikia zinazobaki atafute laptopu yenye kibodi ya watu.

Baada ya dakika chache akajibu: "Imeingia kaka. Siye tunashukuru."