Siku moja na lori langu la Isuzu FRR: kuwinda mzigo unaolipa hapa Nairobi

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, na si alamu, ni simu inatetemeka juu ya stuli. Niko kwa magrupu tisa ya WhatsApp ya mizigo na yote huanza kulia saa hiyo, FRR inatakikana Eldoret, Kanta mbili za Meru, na kadhalika. Naangalia vitu viwili tu, nani anatuma na nani ndiye analipa. Anayesema mzigo uko tayari lakini utume kwanza 2,000 ya geti, huyo ni mwizi, mblok. Mwaka wangu wa kwanza nilituma hiyo 2,000 nikaendesha hadi Athi River, askari wa geti akaniangalia kwa huruma akasema kampuni hiyo haiko hapo na mimi ni wa tatu wiki hiyo.

Saa kumi na mbili na nusu niko Utawala penye gari hulala. Oili, maji, tairi, turubai, kamba. Tanboi wangu Musyoka, msaidizi wangu kwa lori, ashafika, huyo hachelewi.

Saa moja na nusu tuko Industrial Area. Pale Lunga Lunga Road utapata malori yamepangana madereva wamekaa kwa kivuli wanangoja kuitwa, na mimi nilikaa hapo karibu miaka miwili kabla nielewe mchezo. Ukiegesha hapo unakuwa kama nyanya sokoni, broka, yule mtu wa kati wa mizigo, anapita anakubonyeza aone umeiva namna gani, akijua gari yako iko hapo tangu juzi na tairi hazijasonga anakupa bei ya mtu mwenye njaa. Saa hii naacha gari kwa petroli stesheni mbali kidogo, naenda kwa miguu kupiga stori na kunywa chai, nikiulizwa gari iko wapi nasema inashusha. Si uongo sana. Inashusha deni.

Saa tatu naingia ofisi ya kiwanda fulani, sitataja. Kila mtu anakwambia ruka broka uende kwa mwenye mzigo moja kwa moja, na ni kweli, kwa kile kiwanda bei ilikuwa tamu. Lakini karani akaanza kuhesabu, cheti cha kodi cha KRA, inspekshoni ya gari ya NTSA, bima ya mzigo, invoisi ya kodi ya eTIMS, zote ninazo kwa faili, nikamwekea mezani moja moja, ndio akasema malipo ni siku 60. Siku 60! Mimi na lori moja, dizeli nalipa leo, tanboi nalipa leo, nitamkopesha mwenye kiwanda miezi miwili? Nikamwambia asante boss, wakibadilisha wanipigie. Bei nzuri ya pesa ambayo haijafika ni story tu.

Saa tano na dakika kumi broka anapiga. "Mkubwa, niko na tani saba za Kisumu, 32, unasemaje?"

Hapa ndipo wengi wetu huumia, kwa sababu 32,000 kwa simu inasikika kama pesa. Natoa kikaratasi. Nairobi Kisumu ni kilomita 350 hivi, kwenda na kurudi 700, gari yangu inakula lita moja kwa kilomita tano ikiwa na mzigo, hiyo ni lita 140, karibu 24,000 kwa bei ya siku hiyo. Imebaki 8,000. Toa ya tanboi, chakula, kulala siku mbili, tairi inaisha, na hapo sijasema injini. Nikamuuliza, kuna mzigo wa kurudi? Akasema huo utajitafutia huko. Nikamwambia basi aniongezee au aniwache, akasema wenye gari ni wengi. Kweli ni wengi.

Saa saba, ugali na matumbo kwa kibanda. Nikiwa hapo ndio simu ya maana inaingia. Mama Shiru ana hadiwea Nakuru, nilimbebea mabati mara moja kwa kazi niliyopewa na broka, na siku hiyo katoni moja ya misumari ilipasuka njiani nikailipa bila kubishana, tangu hapo ananipigia mwenyewe.

"Baba, uko wapi? Kuna vigae Mombasa Road."

"Niko karibu mama, katoni ngapi?"

270, kila moja kilo 25 hivi, kwa hivyo chini ya tani saba, mizani ya malori ya Gilgil haitanisumbua. 22,000, nusu kwa M-Pesa kabla sijatoka, nusu nikishusha. Dizeli ya Nakuru kwenda na kurudi ni kama 11,000. Kabla sijamjibu sawa nishampigia kijana wa viazi Ol Kalou, ukitoka Nakuru unakatia tu hapo Gilgil, ana magunia 130 ya kilo 50 ya kuleta soko la Marikiti hapa Nairobi, 14,000. Sasa hapo tunaongea, kwa sababu ile ya kurudi ingekuwa hasara ya dizeli tupu.

Saa nane na nusu tuko godauni. Tumepanga foleni mpaka saa kumi na moja na robo, gari tatu mbele yetu, forklifti moja, na hakuna mtu anakulipa hayo masaa ukikaa. Musyoka anahesabu katoni moja moja wakipakia, mimi sisaini delivari noti mpaka hesabu yake na ya karani zifanane. Zilitofautiana kwa tano. Zikatafutwa, zikapatikana nyuma ya paleti.

Saa moja jioni, turubai imefungwa, Southern Bypass imejaa mpaka unatamani kulia. Saa mbili na nusu tuko Kikuyu, chai na chapo. Sishuki mteremko wa Mai Mahiu usiku na ukungu huu, tutalala kwa kebini mpaka saa kumi.

Simu tena. Yule broka. "Mkubwa, ile ya Kisumu bado iko, nimeisukuma ikafika 35."

Musyoka alicheka mpaka chai ikamwagika kwa dashbodi.