Nyumba ya padre, Bonde

Ukirudi Muheza baada ya miaka mingi ughaibuni, maswali ni yale yale. Umejenga? Watoto wanajua Kiswahili? Mbona umekonda? Nimeyajibu yote, mengine kwa uongo kidogo, kisha nikaanza kuuliza ya kwangu, maana mimi nilirudi na deni la babu: kujua aliishije hasa.

Babu mzaa baba alikuwa padre wa Anglikana vijijini huku Bonde, yaani nchi ya Wabondei kuzunguka Muheza, enzi za Mwingereza. Kule Uingereza nilikuwa nahudumia wazee, na kila nilipotaja kwamba babu yangu alikuwa padre wa kijijini, nyuso ziling'aa: wakamwona kwenye nyumba ya mawe yenye bustani ya maua, anakunywa chai na wakubwa wa kijiji. Nami nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na picha nyingine ya kuwapa.

Basi nikaenda Magila, yaani Msalabani, kituo cha zamani cha misheni. Machungwa barabarani ni yale yale, mlima Mlinga uko palepale. Habari za wazungu wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, hapa utazipata bila taabu: misheni ilizaliwa baada ya hotuba ya Livingstone pale Cambridge mwaka 1857, ikahamia Unguja 1864, na Magila ikaanza kushika mizizi 1875 alipofika mmisionari Farler. Hawakuwa watu wa anasa, tuseme ukweli. Hawakulipwa mshahara ila posho ndogo, na aliyetaka kuoa alijua kwamba itabidi aiache misheni. Lakini mzungu asiyeoa alikuwa na misheni nzima ya kumpikia na kumfulia. Padre Mwafrika alikuwa na mke.

Mapadre wenyewe Waafrika walianza mapema kuliko wengi tunavyodhani. Cecil Majaliwa, aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, alipata upadre mwaka 1890. Hapa kwetu Petro Limo, mtu wa ukoo wa Wakilindi waliotawala Usambara, alimfuata ndani ya miaka hiyohiyo ya 1890. Reli ilifika Muheza kutoka Tanga mwaka 1896, ila haikuwafaa sana, kwa kuwa waumini wao hawakukaa relini. Walikaa juu ya vilima na nyuma ya mito.

Shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu aliyebaki, alicheka nilipomuuliza babu alisafiri na nini.

"Na miguu, mwanangu. Alikuwa na nini kingine?"

Alitoka Ijumaa, kijana mmoja mbele na sanduku la bati kichwani. Sanduku ninalo sasa. Bawaba moja imekatika na imefungwa kwa waya, ndani kuna nafasi ya kikombe, sahani, chupa ya divai, mishumaa miwili na kitambaa cha altare, na pembeni alama nyeusi ya nta iliyoyeyuka safarini. Kwenye kanisa la makuti alisikiliza maungamo Jumamosi jioni, akasoma Misa Jumapili alfajiri kwa ubani na kengele (UMCA walipenda ibada za fahari, Mkatoliki angejiona yuko kwao), akabatiza, akazika, akakagua shule. Halafu zikaanza kesi: mahari iliyorudishwa nusu, mume aliyeongeza mke wa pili, kijana Mkristo aliyekwenda jandoni kwa siri. Hizi, anasema shangazi, zilikuwa ndefu kuliko Misa.

Jumatatu alishika jembe. Posho yake haikutosha nyumba yenye watoto na wageni, hivyo mihogo, mahindi na minazi michache ndiyo iliyomsomeshea baba yangu.

Na majirani zake nusu walikuwa Waislamu, wengine ndugu wa damu. Godfrey Dale, padre wa UMCA aliyefanya kazi hukuhuku Bonde, alitafsiri Kurani kwa Kiswahili, ikachapwa 1923, ili walimu wa misheni wapate cha kujibu kwenye mabishano. Sijui kama babu alikuwa na nafasi ya kubishana. Kwa maelezo ya shangazi, msiba ukitokea upande wowote alibeba jeneza kama wengine, na Idi watoto wake walitumwa kwa jirani na sahani tupu.

Waliomtangulia walipata makubwa zaidi. Vita vya 1914 vilipoanza, Wajerumani waliwaona watu wa UMCA kuwa ni majasusi wa Mwingereza. Wazungu wakawekwa kizuizini; mapadre na walimu Waafrika wakafungwa na kuteswa, wengi wakaishia Tabora mpaka Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Samwil Sehoza, mmoja wa waliofungwa, aliandika habari za minyororo hiyo kwa Kiswahili, ikachapwa 1921. Shuleni hatukufundishwa hata mstari mmoja.

Lakini kilichonikera si hicho. Nilimuuliza shangazi, waume walipokuwa kifungoni, nani alilima? Nani aliwalisha watoto wa walimu? Akanitazama kama mtu aliyeuliza maji yako wapi akiwa mtoni. Bibi yangu hakuandikwa popote ila kwenye daftari la ndoa, kwa wino uliofifia, jina la ubatizo tu. Huyo ndiye aliyefundisha wasichana kushona, aliyefua kitambaa cha altare na kukipiga pasi ya mkaa, aliyemchinjia askofu kuku wa mwisho na kuwaambia watoto kwamba leo nyama si yao. Shangazi bado ana hasira ya kuku huyo.

Nimemwomba mzee wa kanisa nipekue madaftari ya zamani niorodheshe wake wa mapadre na walimu. Amekubali, kwa sharti nisiyatoe nje na nije na glavu. Kama una bibi au shangazi aliyelelewa nyumba ya padre, iwe Mkuzi, Korogwe au Misozwe, muulize nani alikuwa jikoni askofu alipokuja, na uniletee jina kamili.