Nilivyozikata simu za wadai, deni lenyewe si langu

Kuzuia namba hakutoshi. Nalitanguliza hili kwa kuwa ndilo kosa nililoanza nalo: nilizuia namba 14 kwa siku mbili, ya 15 ikaita hapo hapo. Wapigaji hawa wana laini nyingi kuliko wakala yeyote wa Ngamiani, hapa Tanga. Simu zilikoma kwa daftari na meseji moja iliyoandikwa vizuri. Mipangilio ya simu ilinisaidia kupata usingizi tu.

Kwanza ujue kwa nini wanakupigia wewe. Mimi nilipigiwa kwa deni la shemeji. Alipakua programu ya mikopo, nayo kabla ya kumpa hela ikamwomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu. Akabonyeza kukubali, kama tunavyobonyeza wote. Orodha ile ikaondoka, na jina langu ndani yake. Siku ya kulipa ilipopita wakaanza kutupigia sisi, ili aibu ifanye kazi ambayo mkataba haukuifanya. Sababu ya pili ni namba ya kurithi: laini isiyotumika muda mrefu kampuni ya simu huiuza upya, na mwenye nayo wa zamani pengine aliacha madeni. Na ya tatu ni kwamba deni ni lako kweli. Hiyo nitaifikia, maana dawa yake ni nyingine.

Anayepigiwa kwa deni la mwenzake mara nyingi hukosea pale pale kwenye simu ya kwanza. Hubishana, hutukana, au kwa huruma husema "haya, nitamwambia", na tangu hapo huandikwa kuwa ni njia ya kumfikia mkopaji. Mimi niliacha kujibu maswali nikawa nauliza mimi:

"Dada, kampuni yako imesajiliwa kwa jina gani? Namba ya mkopo ni ipi?"

"Wewe mwambie tu alipe, kaka. Umeandikwa mdhamini wake."

"Nitumie kwa meseji mkataba wenye saini yangu."

Akakata. Mdhamini ni mtu aliyekubali kudhamini. Kuwa na jina lako kwenye simu ya mtu hakukufanyi mdhamini, hata wakikutajia wakili gani. Usiwape namba ya NIDA "kwa uhakiki", usiwatajie unapofanya kazi, na usitume hata shilingi 5,000 ya kumtuliza mtu. Ukituma, wewe ndiye utakayepigiwa kesho.

Daftari langu lilikuwa na safu nne: tarehe, saa, namba iliyopiga, na maneno waliyosema. Saa niliandika kama simu inavyoonyesha, 08:10 au 16:35, ili isije ikabishaniwa. Meseji sikufuta hata moja. Nilizipiga picha kwenye skrini huku namba ya mtumaji ikionekana juu, kwa sababu ukiihifadhi namba kwa jina "Wadai", picha itaonyesha jina hilo na namba itajificha. Picha nane za kwanza nilizirudia kwa kosa hilo.

Kisha nikatuma meseji hii kwa kila namba iliyonipigia, na kwa barua pepe ya kampuni iliyoandikwa kwenye ukurasa wa programu yao:

"Namba hii ni yangu. Sina mkopo kwenu wala sijamdhamini mteja wenu. Taarifa zangu mmezipata bila ridhaa yangu. Naomba mzifute na msinipigie tena. Mmenipigia mara 22 kati ya tarehe 3 na tarehe 7, kumbukumbu ninazo. Mkiendelea nitazipeleka Benki Kuu ya Tanzania na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi."

Haina tusi wala maelezo ya maisha yangu. Nguvu yake iko kwenye hesabu ya simu na majina ya hizo ofisi mbili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo mtu anayechukua namba yako kwenye simu ya mwingine na kuitumia kukusumbua ana la kujibu. Simu zilipungua siku ya pili, zikakoma siku ya tisa. Siku zile za katikati sikujibu chochote zaidi. Ukijibu kila kitu unawafungulia mazungumzo mapya.

Kabla ya kulalamika, tafuta jina halisi la mkopeshaji. Jina la programu na jina la kampuni mara nyingi havifanani, na leseni hutolewa kwa kampuni. Benki Kuu ndiyo inayowapa leseni wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na orodha yao iko kwenye tovuti yake. Novemba 2024 ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mwenye leseni ana cha kupoteza, naye husikia haraka. Asiye nayo hubadili jina akarudi. Benki Kuu hutaka kuona kuwa ulianza kwa kumlalamikia mkopeshaji mwenyewe, kwa hiyo meseji ile ya kwanza ndiyo tiketi yako.

Sasa simu yenyewe. Kwenye Android kuna sehemu ya Usinisumbue. Nilichagua wanaoruhusiwa wawe watu waliomo kwenye orodha yangu tu. Bado simu ikaita! Kulikuwa na kitufe kingine, cha kuwaruhusu wanaorudia kupiga: namba ile ile ikipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, inapita. Wadai hurudia kupiga, ndiyo kazi yao. Kizime. Ila ukumbuke kwamba mwalimu wa mtoto, bodaboda mwenye mzigo wako na nesi wa hospitali ya Bombo nao ni namba ngeni, kwa hiyo mimi niliweka iwe usiku na saa za kazi tu, jioni nikaiacha wazi. Kwenye WhatsApp, ndani ya Faragha, zima sauti za wapigaji usiowajua, na kwenye Vikundi ruhusu watu unaowafahamu tu wakuongeze. Hili la vikundi wengi hulisahau, na ndiko picha ya mkopaji huwekwa na maneno "mwizi" mbele ya mama mkwe.

Ikifika huko kwenye picha, vitisho na matusi, si suala la deni tena. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayemsumbua mtu kwa njia ya mtandao: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Nenda kituo cha polisi, kwa watu wa Tanga mjini ni Chumbageni, ukiwa na daftari na picha zilizochapishwa, uombe namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kuchapisha kurasa kumi ni afadhali kuliko kumpa askari simu aanze kuipekua.

Mwenye laini ya kurithi apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, kisha awaandikie wadai kwamba mmiliki amebadilika. Nakala ya kitambulisho asitume.

Na kama deni ni lako? "Dawa ya deni kulipa", na wapigaji hawa huitamka kana kwamba wameitunga wao. Lakini piga hesabu kwanza. Shemeji aliomba 100,000, akaingiziwa 70,000, akatakiwa arudishe 100,000 ndani ya siku 7. Hiyo ni 30,000 juu ya 70,000 aliyoishika, karibu asilimia 43 kwa wiki, wakati ukomo wa riba uliowekwa na Benki Kuu kwa daraja la pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Tulimwandikia mkopeshaji kuomba mchanganuo wa deni na tukapendekeza 10,000 kila Ijumaa. Walikataa mara mbili, mara ya tatu wakakubali. Mpigaji aliyesisitiza hela itumwe kwenye namba yake binafsi tulimwacha aseme. Malipo yote yalipita kwenye namba ya kampuni, na kila mara tulisoma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Mkopaji akifuta programu kabla ya kumaliza deni, atapoteza kumbukumbu za mkopo na majina yaliyokwishachukuliwa hayatarudi. Bora aondoe kwanza ruhusa ya majina, picha na meseji kwenye mipangilio, amalize kulipa, apate uthibitisho wa maandishi kuwa deni limekwisha, ndipo aifute.